Nani Atakuonjea, Mama?

Masika mwanangu,

Jua halijashuka bado nyuma ya milima ya Masisi, na begi lako liko tayari mlangoni. Shangazi zako wamekwisha kukujazia simu kwa mashauri: shuka, kitambulisho, dawa ya tumbo, ufike bandarini mapema kwa sababu boti ya Bukavu haimngojei mutu. Mimi sitarudia hayo. Umekwenda Birere kumuaga rafiki yako, nyumba imenyamaza, nami nimekaa huku nyuma karibu na mapipa yangu, nakuandikia.

Wanasema kule kwa masista barua husomwa kwanza na mama mkubwa. Kama ni hivyo, jambo, mama sista. Humu ndani kuna pombe nyingi. Utuvumilie.

Nataka kukupa habari ya maji. Sehemu unaijua, maana ulikuwepo. Sehemu nyingine ulikuwa mdogo mno, na ya mwisho tuliizungumza kwa haraka, tukiwa tumesimama, wala sikuisema vizuri.

Pombe ya mtama nilifundishwa na mama yangu kule Butembo, kwenye kilima ambapo tulichota maji katika chemchemi chini ya migomba. Unaloweka mtama, unaufunika kwa majani mpaka uchipue, unauanika, unausaga. Hicho ndicho kimea. Halafu unapika uji mzito, unaungoja upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo unatia kimea na kufunika. Nilikuwa mutoto, na kila mara nilifunua kifuniko kabla ya wakati ili nione. Uji uliosimama kama ugali unalegea wenyewe. Ukionja baadaye umekuwa mtamu, na hakuna aliyetia sukari. Utamu ule ndio chakula cha chachu. Usipokuja, chachu haina cha kula, na pombe hupati. Kwa mama yangu ulikuja kila mara. Kwa hiyo nilikua nikidhani ni kazi rahisi.

Papa yako aliponileta Goma, kwa sababu ya biashara yake ya maharage, nilibeba chungu cha mama na kiburi chote cha binti anayejua kazi. Hapa Majengo maji yetu yalitoka ziwani. Kijana wa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, aliyaleta katika mabidoni ya njano, nami nikapika pombe yangu ya kwanza ya Goma ili majirani wanijue.

Walinijua vibaya. Uji ulilegea nusu tu, ukabaki na ladha ya unga. Pombe ikatoka nyepesi, ya kujaza tumbo na kukurudisha nyumbani ukiwa na akili zako zote.

Nikaongeza kimea. Nikaongeza moto, na moto ukiuzidisha unaua kimea, nikapata hasara mbili. Nikabadilisha mtama, nikabadilisha kinu, nikabadilisha hata chungu. Kule sokoni Birere nilimwambia mama mmoja mbele ya watu kwamba ananiuzia mtama wa zamani. Akaniangalia kwa upole.

"Mama, mtama ni huuhuu wanaochukua wote. Wenzako hawalii."

Jioni nilimuuliza papa yako kama haiwezi kuwa ni maji. Alikuwa anavua viatu.

"Maji ni maji," akasema.

Nami nikakubali. Mtaa mzima ulikuwa unayanywa, unayapikia, unabatiza watoto nayo. Nani angeyashuku? Basi nikaendelea miaka ile yote kutia kimea mara mbili ya kile alichotia mama yangu, nipate pombe ambayo yeye angeimwagia migomba. Watu walinunua kwa sababu ilikuwa karibu. Nikajiambia kwamba hivyo ndivyo mji ulivyo.

Halafu ukaja ule ugonjwa wangu. Homa unaikumbuka, ulikuwa umeanza shule. Usichokijua ni asubuhi nilipopona. Niliinuka, nikawasha moto, nikapika chai, nikanywa, na hapakuwa na kitu. Nikaweka chumvi kwenye ulimi, ikawa mchanga. Nikanusa kitunguu, nikanusa mafuta ya taa, vyote vilikuwa hewa tu. Nilisubiri ladha irudi, na haikurudi. Sikumwambia mutu yeyote, hata papa yako. Mama wa pombe asiyeweza kuonja, nani ataleta kikombe kwake?

Nikapika kwa mazoea, kama anayetembea gizani katika nyumba yake. Na siku moja uliporudi shuleni, ungali na begi mgongoni, nikakupa kijiko cha uji wa kimea.

"Onja uniambie."

Ukaonja, ukakunja uso. "Mama, hii iko kama maji ya kuoshea sahani."

"Nani amekufundisha kusema vile?"

"Hakuna mutu. Njo vile iko."

Nikakunyang'anya kijiko. Pombe ile niliipeleka kwenye harusi ya majirani, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Kesho yake babu ya bwana harusi aliirudisha mwenyewe kwenye chukudu, pipa karibu limejaa. Alikuwa mutu wa adabu sana, yule muzee. Alivua kofia.

"Mama Masika, tunakushukuru. Watu hawakuwa na kiu."

Nililia kuliko kama angenitukana. Jioni nikakuita, nikakukalisha kwenye kibao, nikakueleza kuhusu ulimi wangu, wewe wa kwanza. Nikakuambia, kuanzia leo utaonja na utasema kweli, hata nikikasirika. Ukauliza, "Hata ukikasirika sana?" Nikasema hata hapo. Ukakubali, na tangu siku ile hukunidanganya hata mara moja. Sikujua watoto wanaweza kushika neno namna hiyo.

Mwezi ulioleta ajabu ulikuwa wa mvua. Kijana wa chukudu alianguka njiani kwenye mawe ya volkano, akaumia mguu, akakaa bila kuja. Lile tangi chini ya bati letu lilikuwa limejaa. Nililiogopa kidogo kwa sababu ya majivu ya Nyiragongo, lakini mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kuosha bati, na maji yalikuwa meupe. Nikapika nayo kwa sababu sikuwa na mengine. Nikakuita.

Ukaonja, ukaniangalia. Ukaonja tena.

"Mama, umetia sukari?"

"Sijatia."

"Umetia!"

Nikadhani unanionea huruma. Nikamwita mama wa nyumba ya pili, nikampa kikombe bila kusema neno. Akanywa chote, akaomba kingine, kumbe ni uji tu, bado si pombe. Mtama ulikuwa uleule na kimea kilekile, na mikono ni hii yangu. Kilichobadilika ni maji.

Unamkumbuka Papa Désiré, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, aliyefanya kazi kwenye ofisi moja Himbi akipima maji ya ziwa na ya mabomba. Nilimwendea nikiwa na vikombe viwili, kimoja cha ziwa, kimoja cha mvua. Hakucheka. Aliketi hapa nilipo sasa, akatoa vile vikaratasi vyake vya kupimia maji, akachovya kimoja kimoja. Kile cha ziwa kikageuka rangi kuelekea buluu. Kile cha mvua kikabaki njanonjano.

"Mama Masika," akasema, "maji ya ziwa yamekaa na mawe ya volkano tangu zamani. Yamejaa bikaboneti. Ni kama unatia magadi kidogo ndani ya uji kila unapopika."

"Na magadi yana ubaya gani? Watu wanapikia maharage."

"Kwa maharage ni mazuri. Lakini ndani ya kimea kuna kitu kinachokata unga kuwa sukari, na kitu hicho kinataka uchachu kidogo ili kifanye kazi. Maji yako yanafuta uchachu. Basi kinafanya kazi kivivu, na unga unabaki unga."

"Ndiyo maana natia kimea kingi?"

"Ndiyo maana. Nusu yake unaipoteza."

"Kwa hiyo sikurogwa?"

"Hukurogwa, mama. Una maji yasiyofaa kwa kazi hii tu. Ya kuoga hayana shida."

Ungeniona nilivyofurahi ungefikiri nimeshinda kesi. Na hapo nikaingia kwenye kosa jingine, ambalo ni langu mwenyewe wala si la ziwa. Kiangazi kilipokuja na tangi likakauka, Papa Désiré aliniambia nikamue ndimu kidogo kwenye maji ya ziwa. Kidogo, alisema. Nilijaribu kidogo, utamu ukaja. Basi nikafikiri, kama kidogo kinaleta utamu, kingi kitaleta asali. Nikakamua bakuli zima. Ulipoonja ulitoa machozi.

"Mama, ni ndimu tu. Sukari haiko."

Kumbe uchachu ukizidi nao unaua kimea kama vile unapopungua. Tulimwaga chungu kizima, kuku wakakataa hata kukanyaga pale.

Wiki ile nilimpigia bibi yako simu Butembo. Nilimweleza yote, vikaratasi, bikaboneti, ndimu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kile kikombe cha uji mchachu wa jana," akasema, "unachomwaga ndani ya uji mpya, ulikiacha lini?"

Nilikuwa nimekisahau kabisa. Alitunza kibuyu cha uji uliochacha pembeni, na kila alipopika alitia kikombe. Nilipofika Goma niliona ni uchafu wa kijijini, nikaacha.

"Niliacha nilipoolewa, mama."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi maji yenu siyajui. Nilitia kwa sababu mama yangu alitia."

Tukatengeneza kibuyu chetu, wewe na mimi. Tukatia kikombe, Papa Désiré akachovya kikaratasi, tukaongeza kidogo, akachovya tena, mpaka rangi ikakaa katikati pale alipopataka. Ukaonja. Ulichukua kijiko kikubwa zaidi. Tangu hapo nikapunguza kimea nusu, na pombe yangu ikawa pombe. Yule muzee wa harusi aliagiza ya ubatizo wa mjukuu wake, na safari hii alirudisha pipa likiwa kavu.

Ndiyo miaka tuliyoishi wewe na mimi. Ulikua hapa nyuma ya nyumba. Kila chungu ulikionja. Ulikuja na kalamu ya shule sikioni, baadaye ulikuja na kitenge kiunoni kama mwanamke mzima, ukafunga macho, ukangoja, ukasema: bado. Au: sasa. Nami nikafunika au nikafunua. Watu walisema binti wa Mama Masika ana ulimi wa dhahabu, na mimi nilijivuna kama vile ulimi ule niliununua mwenyewe.

Sasa nifike pale pagumu.

Mwaka jana ulinikuta napepeta mtama, ukaketi chini upande wangu, ukaanza kupepeta nawe. Ukasema, bila kuniangalia, "Mama, nataka kuingia kwa masista."

Sikushangaa sana. Nilikuwa nimeona unavyotoka misani, polepole, kama asiyetaka kufika nyumbani. Ningeweza kusema mengi. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyeendelea, ukasema, "Shida ni moja. Nani atakuonjea, mama?"

Nikanyamaza. Uliuona ukimya wangu kama jibu. Jumapili iliyofuata uliwaandikia masista kwamba mama yako ana shida ya kiafya, wakungojee mwaka.

Na ilikuwa hivi. Kabla Papa Désiré hajahama, alinifundisha jambo jingine siku moja ulipokuwa shule. Ile dawa ya kahawia ambayo waganga wa hospitali wanapaka kwenye kidonda, unadondosha tone lake kwenye uji juu ya kisahani cheupe. Ukigeuka mweusi, unga bado umo. Ukibaki kahawia, unga wote umekwisha kuwa sukari. Alinionea huruma, alitaka nisimtegemee mutoto. Nilinunua chupa, nikaificha nyuma ya gunia la makaa. Nikajifunza pia kwa vidole, maana uji uliogeuka sukari unanata. Ukiwa kanisani kuimba kwenye korali nilikuwa nadondosha tone langu, napata jibu langu, naosha kisahani. Kisha ukirudi nakuita: Masika, njoo uonje. Nawe unakuja, unafunga macho, unasema: sasa. Nami nasema: asante, mwanangu, bila wewe ningefanya nini?

Siku uliyorudi mapema, padri akiwa mgonjwa na korali imeahirishwa, kisahani kilikuwa mkononi mwangu na matone matatu juu yake. Ulijua dawa ile, ulisoma shule. Ulielewa kabla sijafungua mdomo.

"Tangu lini?" ukauliza.

"Tangu kabla Papa Désiré hajahama."

"Mama. Hiyo ni miaka."

"Ni miaka."

"Na mimi, nilikuwa nakuonjea nini?"

Nikakiweka kisahani chini. Nikasema kweli. "Nilipenda kukuona ukija."

Ulichukua kijiko, ukakiosha, ukakitundika, ukaingia ndani. Siku kadhaa uliongea nami habari za chumvi na kuni tu. Papa yako alituangalia kwa zamu, akaamua ana safari. Halafu jioni moja ulikuja ukasimama pale kwenye mlango wa jiko.

"Nimewaandikia masista. Wanasema nije."

"Bado umekasirika?"

"Nilikasirika. Imepita." Ukavuta pumzi. "Lakini mama, ungeniambia kweli, ningebaki hata hivyo. Mwaka ule ningekupa. Ningekupa bure."

Hilo ndilo limenikaa moyoni, Masika, na ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Sikukuibia siku zako tu. Nilichukua kwa ujanja kitu ambacho ulikuwa tayari kunipa kwa mkono wako, na kwa hiyo sikukipokea kamwe. Siku ile mlangoni nilishindwa kukuambia hivyo kwa sababu sufuria ilikuwa inafurika. Sasa haifuriki.

Sina mengi ya kukupa kwa safari. Najua kidogo kuhusu uji, na kidogo kuhusu watu. Kule utakuta mambo yanayokataa kwenda. Mimi kila kitu kilipokataa niliongeza moto, na karibu kila mara hakikuwa kinahitaji moto. Na utakutana na mutu atakayekuambia hawezi bila wewe. Mpende, lakini angalia nyuma ya gunia lake la makaa. Kama kweli anakuhitaji, hutakuta chupa. Ukiikuta, usimchukie. Keti naye kidogo. Huenda ni upweke tu, na hajui namna ya kuuomba.

Pombe ya kukuaga jana, hukuuliza kwa nini sikukuita. Niliipika peke yangu. Sikuificha ile chupa, niliiweka mezani mchana kweupe, papa yako akauliza nani amejikata. Tone la mwisho lilikuwa na weusi kidogo pembeni. Zamani ningeongeza kimea, ningeanza kuhangaika. Nilifunika nikaenda kuoga. Jana watu walikunywa, uliona. Mama wa nyumba ya pili aliimba, papa yako alicheza na kofia ya muzee kichwani. Pombe ilikuwa na uzito kidogo, papa yako aliniambia baadaye, lakini nzuri. Nililala nikiwa nimeridhika, na nililala kabla yenu wote.

Bibi yako amepiga simu leo asubuhi. Anauliza kama masista wanaruhusiwa kunywa. Nimemwambia sijui, utamwandikia mwenyewe.

Nasikia lango, umerudi. Nitaikunja barua hii niitie kwenye mfuko wa pembeni wa begi, pale unapoweka rozari, uikute boti ikishatoka. Sitaki uisome mbele yangu.

Kesho pale bandarini utaniona nimekunja mikono kifuani, hata wenzako wakipungiwa vitambaa. Papa yako atapunga kwa ajili yetu wawili. Usidhani nimenuna, mwanangu. Nitakuwa naizuia mikono yangu isikushike.

Mimi,
mama yako